Babu Kwenye Begi la Mgongoni

Eliufoo wa Same mjini hakuwa mpenzi wa mawe. Alikuwa mpenzi wa Dorkas, na Dorkas ndiye aliyekuwa mpenzi wa mawe. Basi likizo nzima kijana wa watu alishinda kandokando ya bwawa, juu ya miamba iliyoachwa wazi na maji ya kiangazi, akichungulia nyufa kama mtu aliyedondosha funguo. Dorkas alikuwa akisomea jiolojia chuoni, na alichotafuta ni visukuku, yaani mifupa na makombe ya kale yaliyogeuka jiwe. Mpaka siku hiyo walikuwa wamepata konokono wawili na uti wa samaki.

"Hawa konokono wana miaka mingapi?" Eliufoo aliuliza.

"Maelfu."

"Na bado wana mwendo kuliko baba yako."

Hapo ndipo kiatu kilipombana. Wazee wa Eliufoo walitaka kupanda Usangi, milimani kwa kina Dorkas, Jumamosi kumposa binti, na Mzee Zebedayo, baba yake, mzee wa kanisa asiyecheka ovyo, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Kila akiulizwa, jibu ni "Tutaona."

Mchana huo Dorkas alizunguka upande wa pili wa miamba. Eliufoo akaona ndani ya ufa kitu cha mviringo kama kibuyu. Akakitikisa, akakivuta, kikatoka. Kichwa! Matundu mawili ya macho yalimtazama, na kutoka hapo kwenda chini lilikuwa donge tupu la udongo mgumu. Mwenye busara angemwita mwenzake. Eliufoo alikifunga kwenye koti, akakitia begini, akajikausha. Angekifunua kisukuku hicho mbele ya mzee, ili mzee ajue mkwe ana macho.

Bodaboda ikawapandisha mpaka nyumbani kwa kina Dorkas. Mzee Zebedayo na dada yake, shangazi Raheli, walikuwa barazani wakipukuchua mahindi.

"Shikamoo baba, shikamoo shangazi."

"Marahaba. Karibuni."

Eliufoo akafungua begi kwa madaha ya muuza saa na kukiweka kile kitu mezani. Ungo wa mahindi ukapinduka. Shangazi alikuwa keshafika jikoni.

"Umekitoa wapi?" Sauti ya mzee ilikuwa ya chini.

"Bwawani, baba. Chini ya mwamba."

"Chini ya mwamba."

Hapo Eliufoo akakumbuka jambo ambalo bibi yake mwenyewe aliwahi kumsimulia. Wapare wa zamani walifukua vichwa vya wazee wao, wakavihifadhi mapangoni na chini ya miamba, kila ukoo mahali pake, na mtu hakuvigusa hovyo. Mzee Zebedayo akaeleza, polepole kama hakimu, kwamba kabla ya bwawa kujazwa maji babu zake waliishi kule bondeni, na si vichwa vyote vilivyohamishwa.

"Mimi ni Mlutheri, mambo hayo niliyaacha," alisema. "Lakini si ukoo wote ulioyaacha. Huyu akiwa wetu, lazima niwaite. Na wakija, hakuna atakayekubali Dorkas aolewe na mtu aliyembeba babu yake kwenye begi la mgongoni."

Eliufoo akamtazama Dorkas amwokoe. Dorkas ameinama, anakikodolea macho kile kichwa.

"Hukuniita," Dorkas alisema. "Visukuku haviokotwi kama maembe, Eliu. Shangazi, naomba maji. Na mswaki."

"Usikiguse!" Mzee alisimama.

"Baba, tusipoona meno tutajuaje?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Dorkas akaanza kusugua taratibu, kama anayemfuta mtoto tongotongo. Udongo ukalowa, ukameguka. Ikatokea pua. Refuka, Eliufoo aliomba kimoyomoyo, refuka mama, refuka. Ikarefuka. Ikapita pale pua ya binadamu inapokoma, ikaendelea na safari. Mwishowe donge likadondoka, na jino likachomoza, limechongoka, refu kama kidole.

Shangazi Raheli, aliyeleta maji na kusahau kukimbia tena, akasogea. "Kaka, nani kwenye ukoo wetu alikuwa na jino hili?"

"Raheli, nyamaza."

"Nauliza tu. Hapa kwenye taya mnafanana."

"Ni nyani," Dorkas alisema, na sasa alikuwa anacheka. "Nyani wa kale kabisa, amekuwa jiwe. Kesho utanionyesha ufa wenyewe, Eliu, nipige picha na niwapigie simu chuoni."

Mzee Zebedayo akakinyanyua, akaona uzito wake wa jiwe, akaketi. Mabega yake yakashuka.

"Nyani," alisema. "Kumbe mahindi yetu wameanza kuyaiba zamani hivyo!" Akacheka, yeye asiyecheka ovyo, mpaka akashika nguzo ya baraza. "Bwana asifiwe. Nilishaanza kuwaza nitamwelezaje mchungaji."

Eliufoo alikuwa amekaa sakafuni juu ya mahindi yaliyomwagika. Alishusha pumzi kama tairi la lori. Kisha akainuka.

"Baba, kwa kuwa marehemu si wa kwenu, vipi Jumamosi?"

Mzee akajifuta machozi ya kicheko.

"Nilikuwa sijui kama kuna kitu unachoogopa kukikosa," alisema. "Leo nimeona. Waje."

"Waje," shangazi Raheli alidakia, "ila mabegi yatafunguliwa huko huko nje."