Magodoro ya Bu Sukesi

Kila ninapokuwa nyumbani Pati, mji mdogo wa Java, kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kutoa magodoro nje. Nayaburuta moja moja kutoka ukumbi wa mazoezi ya viungo wa mwalimu wangu, Bu Sukesi, nayaegemeza kwenye ukuta unaotazama mashariki, kisha nayapiga kwa kipigio cha henzerani mpaka vumbi liishe na sufi iliyolala iamke. Godoro la sufi lisipoota jua hugandamana kama uji uliopoa, na mtoto akiliangukia ni sawa na kuangukia sakafu. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa shule ya msingi. Nikiwa mbali huikumbuka kuliko hata mapishi ya mama.

Asubuhi ile nilikuwa nimefikia godoro la maua ya buluu, ninalolipenda kuliko yote, niliposikia gari likirudi kinyumenyume langoni. Ilikuwa pikapu ya Pak Darmaji, mshona magodoro wa kijiji cha Karaban. Haya yote aliyashona yeye.

"Usijichoshe bure, Mbak Gati," alisema akishuka, akiniita dada kama kawaida yake. "Hayo yanakwenda hivyo hivyo na vumbi lake."

"Yanakwenda wapi, Pak?"

"Kwangu. Nayafumua, sufi naijaza kwenye mito. Bu Sukesi kasema nichukue mengine leo, yaliyobaki Jumamosi, ukumbi ukishafungwa." Akanitazama usoni, akashusha sauti. "Alaa! Kwani hukuambiwa?"

Nilifanya kama wafanyavyo watu wa kwetu jambo likiwapiga kifuani: nilitabasamu.

"Niliambiwa, Pak," nikasema, nikamsaidia kupakia.

Alipokwenda kwa jirani kuomba kamba, nilililaza godoro la buluu nyuma ya mlango wa ukumbi, nikalifunika turubai.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la sufi. Hadi leo ukitazama juu, kwenye mapaa utaona nyuzi nyeupe zimenasa, na upepo ukivuma zinashuka taratibu kama zimesahau njia. Bu Sukesi aliwahi kuwa mshindani wa jimbo katika michezo ya viungo. Alipoacha kushindana alilipanga ghala hilo, akaomba seremala amchongee boriti nyembamba ya kutembea juu yake, akaanza kufundisha watoto wa mtaani. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, sauti ya kuita kivuko. "Hiyo ni miguu au tambi za jana?" ndiyo salamu yake. Mtoto asiyetukanwa wiki nzima huenda nyumbani akilia, akidhani kachukiwa.

Kwetu Java mtoto hulelewa asijitangulize. Ukiulizwa kama una njaa, unasema umeshiba. Ukiulizwa unataka chai au maji, unasema chochote kilicho karibu. Ni adabu nzuri kwenye jamvi la wageni, ila juu ya boriti ni hatari. Mimi ndiye niliyelithibitisha hilo. Nilikuwa mtoto mwoga, nimesimama juu pale, najiandaa kujipinda kinyumenyume kwa mara ya kwanza, na Bu Sukesi akaniuliza kama nataka anishike.

"Vyovyote upendavyo, Bu," nikamjibu.

Akadhani nataka kujaribu peke yangu ila naona haya kujisifu. Akarudi nyuma hatua moja, kwa heshima yangu. Nilianguka, nikavunjika mtulinga.

Tangu hapo ukumbi ukawa na sheria. Kabla ya kila jambo jipya, anayelinda huuliza, "Unashikwa?" na aliye juu hana budi kujibu kwa sauti, ndiyo au hapana, mpaka muuza mishikaki wa barabarani asikie. Akinong'ona, watoto wote hupaza sauti pamoja: "Haijasikika!" Basi aseme tena.

Sheria hiyo nimeizungusha dunia. Nilipomaliza chuo cha michezo Semarang, shirika moja la kujitolea lilinipeleka Laos, nikafundisha juu ya magunia ya majani ya mpunga. Watoto wa kule walicheka siku nyingi kabla hata mmoja hajathubutu kupaza sauti. Mongolia tulitandika manyoya ya kondoo yaliyofumwa, na walijibu kwa kishindo hadi farasi waliofungwa nje wakatikisa hatamu. Tonga sikuhitaji kuwafundisha kupiga kelele. Nilihitaji sheria ya kuwanyamazisha. Kila nilikofika nilijifunza kusema "unashikwa?" kabla sijajifunza kusema asante. Hata leo, nikifumba macho kabla ya kulala, nasikia majibu yao, kila mmoja kwa lugha yake, na mikono yangu inajikunja kana kwamba kuna mgongo mdogo juu yake.

Lakini mtu wa kujitolea ana muda wake. Mtoto huanza kwa kukutazama kwa jicho la pembeni, akihesabu vidole vyako. Kisha siku moja anajitupa nyuma huku amefumba macho, kwa kuwa anajua mkono upo. Na mara nyingi huo ndio mwezi wa kufunga begi. Nilipoondoka Tonga, binti mmoja alikataa kuniaga. Alikaa juu ya mti, akanipa mgongo mpaka gari likapita.

Safari hii nilirudi Pati nikiwa na ombi moja moyoni: nibaki. Nibaki kwenye ghala hili, nipige magodoro, nifundishe mpaka mtoto akue mbele yangu. Shirika lilikuwa limekwisha nipangia Peru, tiketi ya Jumatatu. Ningeweza kukataa. Nisichoweza ni kumwambia Bu Sukesi. Kuomba nafasi ya mtu aliye hai na amesimama ni kumwambia amezeeka. Na yeye tangu nifike hakuwa na wimbo mwingine ila Peru. Sasa ukumbi unafungwa, na habari nimeipata kwa mshona mito.

Mchana tulikula chakula cha kwetu kiitwacho nasi gandul, wali na mchuzi wake juu ya jani la mgomba, tumekaa kizingitini kama siku zote.

"Pak Darmaji alikuja," nikasema.

"Ee. Magodoro yamechoka."

"Lile la buluu bado zuri, Bu."

"Yote yamechoka." Akanisogezea kipande cha nyama kutoka kwenye jani lake. "Umeshafunga mizigo? Peru kuna baridi. Beba sweta langu la kijani."

"Nimeshafunga, Bu." Sikuwa nimefunga hata soksi.

"Vizuri, nduk, mwanangu. Mtu aliyeona dunia atakaaje ghalani akipiga chafya na watoto wa jirani?"

"Labda akizoea," nikasema.

"Labda," naye akasema. Akaokota punje ya wali iliyoanguka gotini kwake, akaitazama kwa muda mrefu kuliko punje inavyostahili. Ningeweza kusema pale pale. Nilisema tu kwamba mchuzi ni mtamu.

Alasiri watoto wakaja, wakaanza kuuliza kabla hawajavua ndala.

"Bu, magodoro mengine yako wapi?"

"Yamekwenda kuota jua kwa Pak Darmaji."

"Kwani jua la kwetu limeharibika?" Huyo alikuwa Kinasih, binti wa muuza tempe, vile vipande vya soya, ana mapengo mawili na ulimi usio na breki.

"Limeharibika kwa kukutazama wewe. Panda juu!"

Nilileta lile la buluu, nikalitandika chini ya boriti. Bu Sukesi akaliona, akaniona na mimi. "Hili halikwenda?"

"Lilisahaulika, Bu."

Kinasih alikuwa juu, mikono imenyooka, akijiandaa kujipinda kinyumenyume, jambo lile lile lililonivunja mimi.

"Unashikwa?" Bu Sukesi aliuliza.

"NINASHIKWA!"

Kinasih akajitupa nyuma. Nilikuwa upande wa pili nikijipaka chaki, nikauona mkono wa Bu Sukesi ukinyanyuka. Ulinyanyuka mahali sahihi kabisa, kama ulivyonyanyuka maelfu ya mara, ila mgongo wa mtoto ulikuwa umekwisha pita. Mguu wa Kinasih ukakosa mbao. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka tu uzito wake mikononi, na chaki yangu imemchora viganja viwili vyeupe kiunoni.

Nikamshusha kwenye godoro. Akapepesa macho.

"Bu," alisema, "leo umechelewa."

Bu Sukesi aliigeuza mikono yake, akaiangalia ndani na nje kama vitu alivyoazimwa.

"Si leo tu," akasema taratibu. "Na mwezi uliopita, kwa dada yako. Bahati yake aliangukia makalio, na hayo anayo ya kutosha."

Watoto wakacheka, yeye hakucheka. Akakaa juu ya maua ya buluu, magoti yakilia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ukumbi unafungwa. Hakuwa amechoka na watoto. Aliogopa kuwaangusha. Na alikuwa na mtu wa kumwomba msaada, amekaa naye kizingitini mchana mzima, akampa nyama na sweta badala ya kumwomba.

Na mimi pia, nilikuwa bado juu ya boriti ile ya utotoni, nasema vyovyote upendavyo.

Nikasimama nyuma yake, mahali anaposimama mlinzi. Nikapaza sauti.

"Bu. Unashikwa?"

Watoto wakasogea, macho yakiwang'aa. Hawakuwahi kuona mkubwa akiulizwa.

"Ah, mimi sina neno, nduk," alisema bila kugeuka. "Wewe nenda zako salama."

"Haijasikika!" Watoto walilipuka kwa pamoja.

"Nyie! Nitawakimbiza kuzunguka soko!"

"Unashikwa, Bu?" nikauliza tena. "Mimi sijafunga mizigo. Sijafunga hata soksi."

Mabega yake mapana yakashuka. "Basi, ukipata nafasi… ukirudi likizo, siku moja moja… Sisemi uache kazi yako, watoto wa Peru nao…"

"Haijasikika!" Kinasih ndiye aliyeongoza, mapengo wazi. "Bu, sheria ni sheria!"

Bu Sukesi akageuka, akanitazama. Uzi wa sufi ulikuwa umemtua kwenye nywele, na midomo ilimcheza kama ya mtoto aliye juu. Kisha akavuta pumzi, na sauti ile ya kuita kivuko ikatoka, hadi muuza mishikaki nje akaacha kupepea mkaa.

"Usiende! Sitaki uende Peru. Hata ile mara ya kwanza, Laos, sikutaka uende!"