Mtoto Aliyekwisha Kucheza

Neno lenyewe Belyse alilisikia kliniki, kule Auburn, ughaibuni, kwa mkunga mzee wa Kizungu aliyekuwa akimpapasa tumbo. "Has it quickened?" mzee aliuliza. Sasa Belyse kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunza wazee, husikia "quick, quick" kutwa kucha. Akadhani anaulizwa kama mtoto ana haraka ya kutoka. "No, no," akajibu kwa adabu zote. "Slow. Very slow."

Mkunga akabadilika uso. Ikabidi muuguzi Jepchumba, Mkenya, aingilie, kicheko kimembana. "Dada, anauliza kama mtoto ameanza kucheza! Hicho Kiingereza cha mababu. Zamani quick ilikuwa uhai. Mtoto akicheza mara ya kwanza, ndiyo amehuika."

"Kumbe! Basi mwambie huyu hachezi tu, ana mechi."

Na alicheza kweli. Akacheza mpaka mimba ikafika miezi minane, halafu siku moja akanyamaza. Jamani! Alizaliwa na nywele tele, kucha zimeshaota, wala hakulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; mimi nisijitie kuueleza.

Siku ya nne, mazishi yakiwa kesho yake, pasta alitaka jina la kutaja kaburini. Mama mkwe akapiga simu kutoka Burundi: asiyelia haitwi jina, mzikeni kimya, msijiitie mkosi. Habonimana, mumewe, dereva wa lori la makontena pale Port Botany, hajawahi kumpinga mama yake hata kwa kikohozi.

"Mama amesema," akamwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Hakuishi, Mama Keza. Tusikichokonoe kidonda."

Belyse akasimama, gauni limelowa maziwa kifuani. "Hakuishi? Alihuika! Hata Wazungu wana neno lake! Amecheza tumboni mwangu miezi yote hiyo, leo unaniambia hakuishi? Nani alikuwa anacheza, upepo? Lakini wewe utajuaje? Hukumjua. Ulikuwa barabarani na makontena yako."

Habonimana akainamisha kichwa.

"Nilimjua," akasema. "Ulikuwa ukilala umeniegemeza tumbo mgongoni. Kila alfajiri, kabla sijaamka kwenda bandarini, alikuwa ananipiga mateke. Nami namwambia polepole, 'Wewe Égide, tulia, mwache mama alale.'"

Jina hilo Belyse hakuwahi kulisikia nyumbani mwao. Akakaa sakafuni karibu na mumewe, wakalia pamoja.

Kisha Habonimana akachukua simu, akampigia pasta. "Mtoto ana jina," akasema, akamnyooshea mkewe. Belyse akaipokea simu mkononi mwake, akalitaja yeye.