Msiba wa Chumba cha Mwisho

Jumanne, tarehe kumi na nne Julai, kulipambazuka na ukungu mzito na baridi ya kuuma vidole. Taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka, na watu waliokwenda kazini walipita wamejikunyata, mikono kwapani, kila mmoja na mvuke wake mdomoni.

Katika chumba cha mwisho cha nyumba moja ya kupanga, mwanamke ambaye kazini kwao aliitwa Shangazi, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja, alimaliza sala ya asubuhi, akamimina chai, akawasha redio. Mtangazaji wa asubuhi, ambaye siku zote maneno yalimtoka kama cherehani, siku hiyo alikuwa akisitasita. Alisema mwimbaji Mzee wa Kiti amefariki dunia, akiwa usingizini.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Hapana," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa kuongezewa sukari.

Mwimbaji yule hakuwahi kuimba akiwa amesimama. Tangu ujana wake alipanda jukwaani na kiti chake cha mbao, akakaa, akapakata gitaa, akaimba kama mgeni aliyekuja kukujulia hali na hana haraka ya kuondoka. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote ulianza na swali: "Umeshindaje, wewe uliyerudi?" Kisha gitaa lilicheza peke yake kidogo, kama vile anakupa nafasi ya kujibu.

Shangazi alikuwa akijibu. Wazazi wake walifariki mapema, ndoa yake haikudumu, mtoto hakujaliwa. Kila jioni akitoka kazini, au akitoka kwenye masomo ya watu wazima alikojiunga ukubwani ili ajue kusoma, aliweka kaseti. Mzee akauliza. Naye, huku akivua viatu, akajibu, "Nimeshinda salama, Mzee. Ni miguu tu." Maneno ya kwanza aliyoyasoma maishani bila kusaidiwa na mwalimu yalikuwa kwenye jalada la kaseti ile.

Na kulikuwa na jambo jingine. Katika sala yake ya jioni, alipofika mahali pa kuwaombea watu wa nyumbani, alikuwa hana wa kumtaja. Miaka mingi alifika hapo akanyamaza, akaruka. Jioni moja aliona haya kumnyamazia Mungu kila siku mahali palepale, akamtaja Mzee wa Kiti. Tangu hapo hakuwahi kumsahau.

Alikwenda kazini kwa sababu hakujua pa kwenda pengine.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa mashuka. Shuka ikishapigwa pasi hukunjwa na watu wawili. Huyu anashika pembe mbili huku, yule mbili kule, wanaivuta mpaka ikaze, wanakunja kati, kisha wanasogeleana mpaka vidole vinakutana. Mmoja anaachia, mwenzake anapokea. Shangazi alikunja na Mama Pacha. Walikuwa wamefanya hivyo miaka na miaka, hata hawakuhitaji kutazamana. Vidole vyao vilikutana siku nzima, lakini hakuna aliyewahi kufika mlangoni kwa mwenzake.

Asubuhi hiyo Mama Pacha alisogea, Shangazi akabaki amesimama. Shuka ikaanguka. Shuka ikigusa sakafu hurudi kufuliwa upya.

"Shangazi, umelala?"

Shangazi akaokota, wakachukua nyingine. Hiyo nayo ikaanguka.

Msimamizi akaja mbio. Walimwita Pasi, kwa sababu ukimkaribia lazima uungue. "Leo kuna nini hapa? Tunafua mashuka au tunapiga deki?"

"Nimefiwa," Shangazi akasema. Hilo lilikuwa kweli, na lilitoka lenyewe.

"Umefiwa na nani?"

Alifungua mdomo aseme. Akamwona Mama Pacha anamtazama. Akamwona dereva wa gari la nguo amesimama mlangoni na furushi begani, mtu ambaye mzaha haumtoki hata makaburini. Kicheko chao akakisikia kabla hawajakicheka.

"Kaka yangu," akasema.

Pasi akavua kofia. Hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. "Pole sana, Shangazi. Nenda nyumbani. Leo na kesho usije, tutaziba pengo lako."

Mama Pacha akamkumbatia kwa nguvu, akinukia sabuni na mvuke. "Mbona hukuwahi kusema una kaka?"

"Tulikuwa hatuonani," Shangazi akamjibu begani.

Njiani alipitia dukani kununua mkate. Muuzaji alikuwa amefungulia nyimbo za Mzee wa Kiti, anapiga mluzi huku anapanga sabuni. Alimrudishia chenji bila kuacha mluzi. Shangazi alisimama pale muda kidogo, akitumaini kwamba mtu angesema neno, neno lolote, naye apate kuitikia. Mteja aliyekuwa nyuma yake akamwomba asogee.

Nyumbani aliweka kaseti kwenye redio, akakaa. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza ndogo, mfuko wa madaftari ya shule na viti viwili. Cha pili alikinunua kwa sababu fundi alikataa kuvitenganisha. Kilikuwa kimepauka kidogo kwa kukaa karibu na dirisha, lakini mbao zake hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alijaribu kusali. "Ee Mungu, nimesema uongo. Lakini si uongo wote." Akasikia kwamba hata mbele za Mungu alikuwa anajitetea, akanyamaza. Hakujua aombe nini kwa ajili ya marehemu, wala kama alikuwa na haki ya kuomba. Mke wake alikuwapo, watoto wake walikuwapo, watu walikuwa wanakwenda kuwapa pole. Wa kumpa yeye pole alitoka wapi? Walikuwa wamempa kazini, tena kwa moyo, lakini walimpa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Alikuwa ameshikwa mkono kwa mara ya kwanza, na mkono wenyewe alikuwa ameuiba.

Kesho yake alasiri, redio ikiwa bado inaimba, alisikia viatu vingi kwenye korido. Kisha sauti ya Mama Pacha, kisha mlango wa jirani ukagongwa kwa ngumi.

"Wewe ndugu, unafungulia muziki namna hii na jirani yako amefiwa? Haya huna?"

Jirani alikuwa fundi viatu, mtu mpole. "Mama, mimi hata redio sina. Muziki unatoka chumba cha mwisho. Tangu jana ni huohuo."

Kwenye korido likasikika gitaa tu.

Shangazi alinyoosha mkono azime redio. Mkono ukafika kwenye kitufe, ukasimama hapo. Kuzima sasa kulikuwa ni kudanganya mara ya pili. Akaurudisha mkono, akaenda kufungua.

Mama Pacha alikuwa na chupa ya chai, Pasi ana mkate kwapani, dereva amebeba mkeka. Nyuma yao fundi viatu alichungulia. Wote waliitazama redio.

"Msiba gani huu una muziki?" Pasi akauliza.

"Ni wa huyo anayeimba," Shangazi akasema. "Sina kaka. Sijawahi kuwa naye. Niliogopa mtanicheka, nikawadanganya."

Dereva akaukunjua mkeka nusu, akasita, akaukunja tena. "Ngoja, Shangazi. Mimi timu yangu inakufa kila Jumapili. Huyu Pasi hajawahi kunipa hata saa moja ya ruhusa."

Mama Pacha akacheka. Kicheko kilimponyoka tu, akajiziba mdomo, lakini Shangazi alikuwa ameshakisikia. Ndicho kilekile alichokiogopa, na sasa kilikuwa chumbani mwake. Alitazama chini.

"Ulimjua?" Mama Pacha akauliza, sasa kwa upole. "Mlikutana wapi?"

"Hatukukutana popote."

"Sasa unamlilia nini, mwenzangu? Kaseti si hiyo hapo? Nyimbo hazikufa."

Shangazi alifikiri. Alitaka kusema jambo moja la kweli, lililonyooka, hata kama wangeondoka baada ya hapo.

"Kila jioni aliniuliza nimeshindaje, nami nikamjibu," akasema. "Najua hakunisikia, sijachanganyikiwa. Lakini alikuwa hai mahali fulani, naye amerudi kwake, anavua viatu kama mimi. Kwa hiyo nilikuwa namjibu mtu. Kuanzia jana, nikijibu, najibu kaseti."

Fundi viatu, aliyekuwa amesikia majibu hayo ukutani miaka yote na kudhani jirani ana mgeni, alirudi nyuma hatua moja.

Pasi alikuwa ameukunja uso. Shangazi alijiandaa kuungua.

"Mke wangu tangu jana hapiki," Pasi akasema taratibu. "Amelala amegeukia ukuta. Nikamuuliza unaumwa wapi, hanijibu. Asubuhi nimegombana naye. Nilimwambia mtu mzima hawezi kumlilia mpiga gitaa." Akautoa mkate kwapani, akauweka mezani. "Ruhusa niliyotoa ni ya ndugu. Siku hizi mbili utazifidia, Shangazi. Uongo ni uongo."

"Nitazifidia."

"Na mimi nikitoka hapa nina wa kumwomba radhi."

Dereva akatandika mkeka, mara hii wote. Mama Pacha akatafuta pa kukaa, akavuta kile kiti cha dirishani bila kuuliza. Kililia kidogo kwa kupokea uzito, kwani hakikuwa kimezoea. Akamimina chai. Alikuwa bado hajamsamehe sawasawa. Ilionekana kwenye midomo.

"Kinachoniuma si huyo Mzee," akasema. "Tumekunja pamoja mpaka nimeota sugu, na mlango wako naujua leo kwa sababu ya maiti. Na maiti yenyewe si yako."

"Hukuwahi kuja."

"Uliwahi kuniita?"

Redio ilikuwa imefika kwenye wimbo ule. Mzee wa Kiti akauliza swali lake, na gitaa likaanza kungoja. Kwa mazoea Shangazi alivuta pumzi ajibu, akakumbuka, akaiachia. Watu wanne walikuwa wanamtazama.

"Jumapili," akasema. "Njooni Jumapili. Hakutakuwa na msiba. Mje tu."

"Usinipoze kwa maneno," Mama Pacha akasema. "Sema unaahidi, na hawa wasikie. Wewe jirani, ingia ndani, usikie nawe."

Fundi viatu akaingia. Shangazi akasimama. Mikono yake ilikosa pa kukaa, akaishika mbele yake kama anashika pembe mbili za shuka.

"Naahidi," akasema, "mbele yenu, na Mungu anasikia. Jumapili mlango huu utakuwa wazi, na chai nitapika mimi. Na wewe Mama Pacha, ukiingia, nitakuuliza umeshindaje."