Karatasi ya Mguu wa Rqia

Nilikosea, tena kwa sauti, mbele ya watu.

Hapa mjini Fes mimi hushona viatu vya mahameli vya kina mama. Nina diploma ya kazi za ngozi, nimeitundika ukutani. Kila bibi harusi nikimpima mguu, naikata karatasi kwa kipimo chake, naandika jina, naiweka kwenye droo. Siku akitaka viatu vya kuvaa siku ya saba ya mtoto, anapopewa jina, sihangaiki kumpima tena. Nilijisifu kwa hilo miaka ishirini na sita.

Basi Rqia, mimba ya miezi minane, akaja na mama mkwe wake, Lalla Zhor. Viatu vyake vya siku ya saba vilikuwa tayari, vyekundu, uzi wa dhahabu. Akaketi, akajaribu. Mguu ukaishia katikati. Niliona alama ya soksi imezama kwenye kifundo, nikaona pia kwamba amekuja na ndara za mumewe. Macho yangu hayana shida. Shida ni mdomo.

"Lalla Zhor," nikasema, "mtoto yuko tumboni au amehamia miguuni?"

Duka zima likacheka. Lalla Zhor akapiga paja. "Mapacha, fundi! Mmoja kila mguu!"

Rqia akacheka pia, masikio mekundu. Akasukuma kisigino mpaka kikaingia. "Vinanitosha," akasema, akavichukua.

Usiku huo nikamsimulia mke wangu, Batoul, nikingoja acheke. Hakucheka.

"Ukampima?"

"Karatasi yake ninayo, ya harusi."

"Wewe na diploma yako! Mguu wa mjamzito unavimba, jioni kuliko asubuhi. Unataka kiatu kipana, unataka kuinuliwa juu ya mto. Ukivimba ghafla pamoja na uso na mikono, mtu anakwenda kwa daktari. Na wengine mguu ukishapanuka haurudi tena. Unajua kwa nini tangu nimzae Hamza navaa ndara zako?"

"Nilidhani ni mapenzi."

"Mapenzi! Fungua kabati."

Nikafungua. Jozi tisa. Zote nilimshonea mimi, kwa karatasi ya harusi yetu, kila Idi nikamkabidhi kwa mbwembwe. Soli zote safi. Hakuvaa hata moja.

"Mbona hukusema?"

"Ile ya kwanza niliijaribu mbele ya dada zako, ukaniita ngamia. Nikaona ninyamaze."

Siikumbuki siku hiyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikashona jozi nyingine ya Rqia, pana, kwa kukisia, maana kwenda kumpima niliona haya. Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya saba tukaenda, mimi na Batoul, viatu nimevificha ndani ya joho.

Rqia akatokea mbele ya wageni amevaa vile vyekundu. Alitembea kama mtu anayekanyaga vigae vya moto, anatabasamu, meno yamebana. Lalla Zhor akaniita toka upande wa pili wa ua: "Umeona, fundi? Si vimemtosha!" Wakacheka wale waliokuwepo dukani siku ile. Rqia akageuka, akarudi chumbani, pazia likashuka. Kwenye vigae vyeupe palibaki tone la damu, lililochirizika kisiginoni.

Nikasimama mbele ya pazia na jozi yangu mkononi. Ua mzima unaniangalia.

"Binti yangu, ni mimi, fundi. Ule mzaha ulikuwa wa kijinga. Mguu wako hauna kosa, kosa ni karatasi yangu."

Mtoto alilia kidogo, akanyonya, akanyamaza.

"Nimeleta vingine, lakini nimekisia tu. Toa mguu nje ya pazia, Batoul akupime, mimi nitageukia ukutani. Rqia? Turuhusu tupime upya, mwanangu."