Kikao Bila Meza

Ndaya alirudi kutoka mafunzo ya uongozi Lubumbashi, na Jumatatu ileile akaondoa meza. Walikuwa wamemfundisha hivi: panga viti duara, uliza swali moja, kisha mkuu anyamaze. Kunyamaza hakukumpa shida. Aliongoza fwaye, kituo cha akina mama, ya Kapata, ambamo wake wa wafanyakazi wa mgodi walijifunza kushona na kupimiwa watoto, lakini sauti yake ilipotea kila alipotazamwa na watu wengi.

Kwanza yeye na wafanyakazi wa fwaye waliimba na kucheza kwa ajili ya Chama kilichotawala nchi, kama kila asubuhi. Kisha citoyen Mukalay, yaani mwananchi Mukalay, mjumbe wa Chama, ambaye siku zote alikaa mezani na mkuu, akatafuta meza, akacheka, akaketi kando ya mama Tshibola, mwalimu wa kushona.

"Kitu gani haiendeke muzuri hapa kwetu?" Ndaya aliuliza. Akanyamaza.



"Mi nitasema," alisema Tshibola. "Maziwa ya batoto bagonjwa inatokea mulango wa nyuma, inaenda kuuzishwa ku soko. Citoyen Mukalay anajua."

 Ndaya alikuwa ametegemea kusikia juu ya paa linalovuja.

Mukalay hakukasirika, na hilo lilitisha zaidi. "Endelea, mama. Munalala mu nyumba ya kampuni, hein? Kwenu Kasai ni mbali. Na treni inachelewa."

"Mi nilizaliwa hapa, citoyen."

"Hata kuku anazaliwa hapa."

 Mukalay akamgeukia Ndaya. "Citoyenne mukubwa, nani alimutuma aseme?"

Mafunzo yalisema mkuu anyamaze. Angenyamaza, mume wa Tshibola angeitwa kesho na kufukuzwa mgodini, na watoto wao wangelala nje. 

"Ni mi," alisema Ndaya. "Mi niliuliza, yeye alijibu mukubwa wake. Kama bataita mutu, baite mi."

Mukalay akasimama, akatoka. Dirishani walimwona akielekea ofisi ya Chama, bila haraka.

Ndaya alitaka kila mtu aende nyumbani. Lakini Mianda, anayepima watoto, aliinua mkono. Kisha Bilonda, mfanyakazi mwenzake.

"Na sisi tuliona, mama," alisema Mianda.

Ndaya alitamani washushe mikono. Wote walilala katika nyumba za kampuni.

"Sema, Mianda," alisema. Sauti haikutoka. Ikabidi arudie.