Katoni Zilizogeuzwa

Nitasema ukweli, na anayetaka kunicheka anicheke. Hibo alinikosesha raha tangu siku alipoingia godauni letu la vyombo, mtaani Fedha, na laptopu kwapani. Miaka kumi na minne nimetunza stoo ile. Mimi Roseline, ukiniuliza sufuria namba kumi ziko wapi, nakuonyesha kwa kidevu bila kuinuka kitini. Halafu anakuja msichana wa miaka ishirini na tano, buibui limepigwa pasi, sauti ya upole, na bosi anamwita "binti yangu". Mimi hajawahi kuniita hata dada.

Bosi wetu, Mzee Wehliye, alikuwa ameleta sistimu mpya ya kuunganisha godauni na maduka yake mawili, la Kware na la Umoja. Duka likiuza, sisi tunaona. Sisi tukipokea mzigo, wao wanaona. Hibo ndiye aliyeletwa kuianzisha. Na mwisho wa wiki ile Mzee angemtaja msimamizi wa stoo zote. Cheo hicho nilianza kukingoja huyo Hibo akiwa bado shule ya msingi! Kila nilipomwona Mzee ameinamia laptopu yake akitabasamu, roho iliniuma, jamani, iliniuma!

Jumatatu nikaambiwa nizunguke naye tuhesabu mali yote aiingize kwenye sistimu.

Sasa, kwetu kuna desturi. Mteja wa siku zote akipiga simu akasema "niwekee", hatuandiki popote. Tunageuza katoni, maandishi yatazame ukuta. Katoni iliyogeuzwa ina mwenyewe, haiguswi. Wapakiaji wanajua, madereva wanajua, hata mama anayetuletea chapati anajua. Siku hiyo katoni kumi na mbili za chupa za chai zilikuwa zimegeuzwa, na nilizigeuza kwa mikono yangu mwenyewe. Zilikuwa za rafiki yangu Mourine, mwenye duka kule Mowlem. Wanawake wa chama chake cha kuweka akiba wangegawiana Ijumaa.

Hibo alipofika pale akasimama.

"Anti, mbona hizi zimetazama ukutani?"

Neno moja tu lingetosha. Lakini nikawaza, si wewe ndiye msomi? Si sistimu yako inajua kila kitu? Nikajitia hamnazo.

"Ni vile zilipangwa tu," nikamwambia.

Akaziingiza. Kumi na mbili, tayari kuuzwa.

Alhamisi duka la Kware likaziona kwenye sistimu, likamuuzia mteja wa Kitui. Karatasi ya kupakia ikatoka kwa mashine. Luseno, kiongozi wa wapakiaji, akanijia akikuna kichwa. Wapakiaji wote huniita Mathe, yaani mama.

"Mathe, hizi si zimegeuzwa? Si ni za Mourine?"

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema zipakiwe."

"Basi mimi ni nani nibishane na sistimu? Pakia!"

Akaguna, akapakia. Lori lilipotoka getini nilisikia utamu moyoni, siwafichi. Kesho, nikajiambia, huyu mrembo ataumbuka mchana kweupe.

Ijumaa asubuhi Mourine akafika na pikapu ya kukodi. Alipoambiwa mzigo haupo, alipiga kelele watu wakatoka godauni la jirani.

"Wanawake thelathini wananingoja ukumbini, Roseline! Ulinipa neno lako!"

"Mimi tena? Muulize mwenye sistimu," nikasema, nikamwonyesha Hibo.

Mzee Wehliye akatoka ofisini. Kabla hajauliza, Hibo akasonga mbele.

"Mzee, kosa ni langu. Niliziona zimegeuzwa, nikaziingiza hivyo hivyo."

Nikamngoja aseme kwamba aliniuliza. Hakusema. Aliinamisha kichwa tu. Luseno ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Hapana, Mzee. Mathe alijua. Mimi mwenyewe nilimwambia jana, akanijibu nipakie."

Mzee hakupaza sauti. Heri angenifokea.

"Roseline, nani alizigeuza?"

"Ni mimi."

"Na Hibo hukumwambia?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Jumanne binti huyu alikuja kwangu," akasema. "Akaniomba usimamizi nikupe wewe. Akasema mashine inajua tu kile ambacho watu wameiambia, na hapa anayejua ni Roseline. Nilikubali. Leo saa sita ningekutangaza. Sasa siwezi. Mtu anayetuficha ukweli, mimi na wenzake, hawezi kushika stoo tatu."

Akarudi ofisini. Mourine akapanda pikapu bila kuniaga, na sijui aliwaambia nini wale wanawake.

Hibo akanishika mkono. "Pole, anti. Nitazungumza naye tena."

Mtadhani hapo wivu uliniisha. Wapi! Uliongezeka. Kuzidiwa masomo ningezoea, hata kunyimwa cheo ningezoea. Lakini kumbe msichana huyu amenizidi hata wema wa roho, na kwa hilo sikuwa na mtu wa kumlaumu ila mimi mwenyewe. Nikautoa mkono wangu mikononi mwake.