Vifuniko vya Dagane

Katika duka lake la vyombo sokoni, Dagane alijifunga vidole vinne vya mkono wa kulia kwa ukanda wa mpira wa tyubu, akaukaza mpaka ncha zikabadilika rangi, kisha akajaribu kufungua mkebe wa kuwekea majani ya chai. Mfuniko ukazunguka. Akauweka mkebe upande wa kushoto, pamoja na vitu vinavyofaa. Kisu chenye mpini mwembamba kilimponyoka kikaanguka sakafuni, naye hakukiokota.

"Bado unafanya huu mchezo wako?" aliuliza Naimo, dada yake. Alikuwa amefika Garissa asubuhi hiyo kwa basi la Wajir, ili amwonyeshe daktari mikono yake iliyokuwa ikimuuma.

"Si mchezo, walaal, dada yangu. Chombo ukikishika na mkono mzima, kinakudanganya."

Akina mama wa soko lile walimcheka, kisha wakarudi kununua. Sufuria zake zote zilikuwa na mikono miwili, birika zake nyepesi, visu vyake na mipini minene ya kujaa kiganja. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia ni biashara tu. Usimwamini.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kila alichokifunga alikirudisha nyuma robo mzunguko, hata chupa ya mafuta. Sisimizi waliishi ndani ya sukari kama wapangaji. Mkewe, Idman, aligomba mwaka mzima, akachoka.

Lakini lililomsumbua hakumwambia hata Idman. Alasiri, duka likiwa tupu na bati likilia kwa joto, alikuwa akisikia plastiki ikikwaruza nyuma ya rundo la masinia, taratibu, kama mtu anayejaribu mfuniko, akipumzika, akijaribu tena. Hakuwahi kwenda kuangalia. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, aliogopa kumkuta mama yake amekaa pale.

"Lete mikono," Dagane alimwambia Naimo.

Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, na vidole vyenyewe vimelalia upande mmoja. Daktari aliyemwona mchana ule alikuwa amesema ni baridi yabisi, akampa vidonge na kumwambia asijilazimishe jikoni. Naimo alikuwa na wajukuu sita. Alimcheka daktari yule.

"Bana kidole changu," Dagane alisema. Naimo akabana kwa nguvu zake zote. Dagane hakuhisi kitu. "Basi wewe usichukue chochote cha kuzungusha. Chukua cha kubonyeza, cha kusukuma kwa kiganja. Hii themosi huifungui. Unaibonyeza juu, hata kwa kiwiko."

Naimo akaibonyeza kwa kiwiko, hewa ikatoka. Akatabasamu kidogo.

"Nzuri. Lakini nilitaka ile ya hooyo. Ile ya maua mekundu. Bado unayo?"

Dagane aliposikia mama yao akitajwa, akageuka kupanga vijiko vilivyokuwa vimeshapangwa.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, aliwaambia waliokuja kutoa pole kwamba mama yao, Lul, alikunywa chai yake, akalala, asiamke. Watu wakasema alhamdulillah, ameondoka kwa wepesi. Ukweli ni kwamba siku ile Idman alikuwa Bura kwenye msiba wa kwao, na Dagane akapata safari ya ghafla nje ya mji kufuata mzigo. Alijaza themosi chai ya maziwa ya ngamia, akaikaza kwa nguvu zake zote ili isipoe, akaiweka kando ya mkeka wa mama yake. Mtungi wa maji ulikuwa uani, mahali ambapo magoti ya Lul hayakuweza kumfikisha. Jirani aliahidi kupita. Alipita jioni, akachungulia, akadhani mama amelala. Dagane aliporudi kesho yake adhuhuri, Lul alikuwa ameshakufa, na themosi ilikuwa imejaa. Ukingoni mwa mfuniko palikuwa na alama za meno.

"Ilivunjika," Dagane alisema.

Naimo aliendelea kusimama pale, na mikono ile ameiweka juu ya kaunta, na ilikuwa mikono ya mama yao kabisa, iliyovimba vilevile. Dagane akaona hawezi kuendelea kuficha. Akainama, akatoa chini ya kaunta kitu kilichofungwa kwa mtandio, akaufungua mbele ya dada yake: themosi ya maua mekundu.

"Hakunywa," alisema. "Niliwadanganya nyote. Niliikaza sana, Naimo. Hooyo alikufa na kiu, na mimi ndiye niliyemfungia."

Naimo alipitisha kidole kilichopinda juu ya zile alama. Alikaa kwenye gunia la mkaa lililokuwa karibu, bila kujali nguo zake.

"Alinipigia simu," alisema. "Saa tisa mchana. Alikuwa anacheka, wallahi. Akasema, 'Dagane ameifunga hii kama anafunga mzigo wa ngamia.' Nikamwambia, ngoja, hooyo, nampigia jirani aje akufungulie. Wageni wakaingia. Nikapika, nikasahau. Nilikumbuka asubuhi, na simu yake ikaita tu."

Dagane alimtazama.

"Uliposema amekunywa chai," Naimo akaendelea, "nilidhani umeangalia simu yake, ukaona namba yangu, ukajua alinipigia nami nikasahau. Nikasema, kaka yangu ananisitiri mbele za watu. Miaka mitatu nakushukuru moyoni, na miaka mitatu naogopa kukaa na wewe peke yetu."

"Sikuiangalia simu," Dagane alisema. "Nilikuwa nimezama kwenye kosa langu mwenyewe."

Naye akakaa chini, sakafuni, mgongo ukiegemea kaunta. Alilia kwa sauti, na Naimo akamwekea mkono begani, mkono usioweza kushika.

Mlangoni mwanamke mmoja alitoa salamu. Wakaitikia wote wawili pamoja. Aliuliza kama kuna birika isiyo nzito, kwa ajili ya mama mkwe wake. Hakuna aliyeinuka. Mwanamke akasubiri, kisha akavua viatu, akaingia mwenyewe katikati ya vyombo, akawa anainua birika moja baada ya nyingine, akizipima mkononi.